Kitonga hushuki na gia ya tano, na kwenye theluji ni hivyo hivyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hii sidhani kama itakuwa fupi, mnisamehe bure. Wiki iliyopita hapa Mwanjelwa kwenye kijiwe chetu cha kahawa alikuja mpwa wangu, mtoto wa dada yangu kabisa, anafanya biashara ya nguo, katoa simu anatuonyesha picha za wabongo wenzake wamevaa makoti makubwa wanateleza kwenye theluji ndani ya jumba kule Dubai. Mwezi ujao anaenda kufata mzigo na safari hii lazima na yeye ateleze, na siyo kuteleza tu, anataka njia nyeusi. Nikamuuliza kwa nini nyeusi, akasema "mjomba si unaona rangi yetu, hiyo wametuwekea sisi." Kijiwe kizima kikacheka, na mi nikacheka, alafu nikanyamaza maana nilikumbuka goti langu la kushoto.

Mimi ni dereva mstaafu wa malori, nimeendesha semi miaka thelathini na moja, Dar Tunduma, Dar Lusaka, mara chache Lubumbashi. Kitonga naijua kona kwa kona na mteremko wa Iwambi pale Mbalizi naujua zaidi ya navyoijua sebule yangu. Sasa mtu atauliza dereva wa semi na theluji wapi na wapi. Ni hivi, binti yangu ni nesi, aliolewa Austria upande wa Tirol, na mwaka juzi mwezi wa pili walituita mimi na mama yake tukaone wajukuu. Mama yake alikataa kabisa kukanyaga theluji, alikaa ndani wiki tatu anapika ugali wa unga tuliobeba. Mimi nikajitia ujana.

Jioni ya kwanza mkwe wangu akatandika mezani karatasi kubwa ya ramani, mlima mzima umechorwa na mistari ya rangi inashuka kama mishipa ya mkono. Akaniambia baba, huku mtu hachagui mlima kwa uzuri, anachagua kwa rangi. Bluu ni ya mtu anayeanza au anayetaka kujistarehesha, nyekundu ya mtu wa kati ambaye anaweza kukata kona na kusimama anapotaka, nyeusi ya wenyewe. Na wamepima jamani, siyo maneno. Bluu mwisho wake ni 25%, yaani ukisogea mbele mita 100 umeshuka mita 25, nyekundu mwisho 40%, ukizidi hapo ni nyeusi, ila vipande vifupi vinaruhusiwa kuzidi kidogo (hilo la vipande vifupi nilipaswa kulisikiliza vizuri, nikawa nachovya mkate kwenye supu). Kwa sisi madereva fikirieni hivi, barabara ya lami ikiandikwa 10% tayari mwenye mzigo anashusha gia na kusikilizia upepo wa breki. Sasa 25% ndo wanaita rahisi.

Akanionyesha na vituko. Mayrhofen huko huko Tirol kuna njia wameiita Harakiri, ina 78%, yaani siyo mteremko tena ule ni ukuta wa nyumba umeegemea nyuma kidogo. Na Kitzbühel kuna Streif ambayo kila Januari wanashindania, kuna mahali inafika 85% na wale jamaa wanapita kilomita 100 kwa saa wamevaa nguo nyembamba kama za kulalia. Tuliangalia kwenye tivii, mama watoto akasema hao wana wake kweli?

Rangi zenyewe sasa siyo moja dunia nzima, na hapa ndo mpwa wangu na wenzake wasikilize. Ufaransa wanayo kijani chini ya bluu, ya watoto na waoga kama mimi, ukienda Austria kijani hamna, wanaanzia bluu moja kwa moja, kwa hiyo mtu aliyezoea kijani Ufaransa akifika Austria asikimbilie kusema mi niko bluu. Marekani ndo kabisa wanatumia na maumbo, duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi, na ikiwa mbaya zaidi almasi mbili. Na huko hawana asilimia iliyopangwa kwa nchi nzima, kila mlima unalinganisha njia zake wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo bluu ya mlima mkubwa mkali inaweza ikawa almasi nyeusi ya kilima kidogo cha jirani. Ni kama shule zetu tu, wa kwanza darasani kwenye shule ya kata siyo lazima awe wa kwanza akihamia kwingine. Mtu akikwambia "nilishuka nyeusi" muulize ya wapi.

Asubuhi yake tukaenda duka la kukodisha vifaa. Mhariri hapa naomba nikae kidogo maana hapa ndo pana moyo wa barua yangu. Buti zile ni ngumu kama ndoo, huwezi kukunja kifundo, unatembea kama mtu aliyevaa mitungi. Kijana wa dukani akashika kalamu akauliza uzito, urefu, umri, akapima soli ya buti, alafu akauliza swali la mwisho, wewe ni mtelezaji wa aina gani, moja, mbili au tatu. Moja ni mtu wa taratibu, tatu ni mtu wa kasi na miteremko mikali. Binti yangu akanitafsiria. Sasa nikaangalia kulia kuna mama mmoja mzee kuliko mimi, nywele nyeupe kabisa, kajibu mbili bila wasiwasi, nikaangalia kushoto kuna dogo wa miaka kumi na kitu, nikasema mi tatu. Nimeshusha tani thelathini Kitonga usiku mvua inanyesha, nitasemaje moja?

Binti yangu hakunijibu mimi, akamgeukia yule kijana wakaongea Kijerumani chao, kijana akatabasamu akaandika. Nikauliza kaandika nini. "Moja, baba. Na nimemwambia kilo 91 siyo 80."

Kumbe yale maswali siyo ya udaku. Buti inashikwa na vibanio kwenye ule ubao wa skii, na vibanio vina skrubu ya kukaza. Ukianguka mguu ukajipinda, kibanio kinatakiwa kifunguke kiachie mguu, la sivyo ubao wa mita moja na nusu unageuka mkono wa spana na nati ni goti lako. Wanakaza kulingana na uzito na urefu wako na soli na aina uliyojitaja. Mtu wa aina ya tatu wanamkazia sana kwa sababu kwenye kasi ubao usije ukamtoka bure, wa aina ya kwanza wanamlegezea, na ukiwa umevuka miaka 50 wanalegeza tena kidogo. Kwa hiyo mtu akijitaja tatu na yeye ni moja, amejifungia mguu mwenyewe na kulipia juu. Kwa upande wa pili ukidanganya kilo uonekane mwembamba, vibanio vinakuwa laini na ubao unakutoka katikati ya kona. Nilikaa kimya. Miaka yote barabarani nimeona madereva wanaandikisha tani chache kwenye karatasi alafu wanashangaa breki hazishiki.

Siku tatu za kwanza nilikaa kwa watoto. Siyo utani, kuna uwanja mdogo chini umewekewa mkanda unaotembea kama ule wa mizigo eapoti, unasimama juu yake unakupandisha polepole, ukifika juu unashuka mita hamsini hivi, unarudi tena. Wenzangu walikuwa na miaka minne mitano. Mwalimu anawafundisha kwa chakula: "pitsa" maana yake unakutanisha ncha za mbele za vibao na nyuma unapanua, inakuwa kama kipande cha pitsa, hapo unapunguza mwendo. "Chipsi" maana yake vibao vinyooke sambamba, hapo unaenda. Pitsa, chipsi, pitsa, chipsi, mpaka usiku nikawa naota niko kibanda cha chipsi mayai Kabwe. Ila jamani nawaambieni pitsa ndo eksozi breki ya theluji, na asiyeijua pitsa asipande kile kiti cha waya cha kupandisha watu mlimani.

Na wenye akili ndo wanavyochagua mahali pa kwenda, siyo kwa jina kubwa. Mkwe wangu anasema wageni wengi wanakosea hapo, wanalipia mlima maarufu wenye nyeusi na nyekundu kibao wakati wao wiki nzima watatumia mkanda na bluu mbili. Unatakiwa uangalie ramani kabla hujalipa, uone bluu zina urefu gani, ziko pana, na je zinafika mpaka chini au zinaishia katikati ukabaki na nyekundu peke yake ya kurudia. Familia yenye watu mchanganyiko itafute mlima ambao bluu na nyekundu na nyeusi zinatokea kwenye kibanda kimoja cha chakula, kila mtu anashuka ya kwake mnakutana kwenye supu, siyo mmoja anamsubiri mwenzake masaa mawili kwenye baridi mpaka ndoa inatetereka. Na kama hupendi mteremko kabisa ipo ile skii ya tambarare, vibao vyembamba, unatembea porini kwa kusukuma na fimbo, ndo alichofanya yule Mkenya Philip Boit kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, mkimbiaji wa Eldoret aliyeona theluji ukubwani, akamaliza wa mwisho kwenye kilomita 10 na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamsubiri pale mwisho amkumbatie. Mama yake mkwe wangu ana miaka sabini na kitu na anafanya hiyo kila Jumapili baada ya kanisa. Mapafu yanauma lakini hakuna ukuta.

Haya, siku ya nne nikasema nimeiva. Tukapanda kiti, vile viti vinaning'inia kwenye waya kama nguo kwenye kamba, mimi, mkwe na mjukuu wa miaka sita. Bluu yenyewe niliiweza! Nilishuka robo nzima kwa pitsa, nikakata kona mbili tatu, nikajisikia. Katikati pale mjukuu akadondosha glovu wakasimama, mi nikasema nitawasubiri chini. Ukungu ukaingia, ukungu wenyewe wa milima yetu ya Uporoto kabisa, unaona mita kumi. Njia ikagawanyika mbili na pale palikuwa na kibao cha duara cha bluu kushoto na cha nyekundu kulia, nimekuja kuonyeshwa baadae, kwa wakati ule nilikuwa naangalia ncha za vibao vyangu kama dereva mpya anayeangalia boneti. Nikaenda kulia.

Nilijua nimekosea pale mbele yangu mlima ulipokwisha. Unaona theluji, alafu unaona hewa. Pitsa ikagoma, vibao vinalia krrrr kwenye barafu, nikapanua mpaka nyonga zikataka kuachana, mwendo ukazidi, nikafanya anachofanya kila mwoga, nikaegemea nyuma. Ukiegemea nyuma zile mbao zinakimbia zaidi, ni kama kuweka nyutro ili kusevu mafuta. Nikaanguka kwa ubavu, ubao wa kushoto ukachomeka mwili ukaendelea, nikasikia goti linazunguka, na hapo hapo taa! kibanio kikafunguka kikaachia. Nikabaki nimekaa kwenye mteremko na ubao mmoja, ule mwingine umesimama mita tatu juu yangu kama msalaba.

Sasa fikiria kingekazwa kwa aina ya tatu. Sikuvunjika kitu, goti lilivimba wiki mbili basi, mpaka leo mvua ikitaka kunyesha linanitangulia kujua.

Mkwe alinikuta pale, mjukuu kasimama kando anapiga kelele "babu pitsa! babu pitsa!" na watu wanapita pembeni fyuu. Kumbe kule wana kanuni kumi za kimataifa na mojawapo inasema anayetoka juu ndiye anayemkwepa aliye chini, aliye chini ana haki ya njia. Nilifarijika kidogo, ila kanuni nyingine inasema usisimame mahali pembamba au ambapo hawakuoni, na mimi nilikaa mahali hapo hapo. Mkwe akanivalisha ubao, akanigeuza ubavu kwenye mteremko, akanifundisha kushuka kwa kukwangua upande upande kama kaa, hatua kwa hatua. Njia ambayo watoto wanashuka dakika mbili mimi ilinichukua karibu saa nzima. Kushikwa mkono na mkwe mbele ya umati, mtu mzima na mvi zangu, niachieni hapo.

Jambo jingine ambalo rangi haisemi ni saa. Usiku yanapita makatapila ya theluji yanasawazisha mlima, asubuhi saa tatu njia ni kama lami mpya, ngumu na inakimbia. Saa tisa mchana jua limepiga, watu maelfu wamepita, imekuwa chungu chungu za theluji nzito kama pumba zilizolowa, na miguu yako imeshachoka, na wote mnashuka kwa pamoja kwenda kwenye magari. Bluu ile ile ya asubuhi mchana ni nyekundu. Sisi tuliopita barabara ya Njombe Makete kabla ya lami tunaelewa, kiangazi ni vumbi tu unapita na kagari kadogo, masika hata landrova inalala njiani. Ndo maana wazee wa kule saa nane wanashuka na kebo, kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, wanakaa wanakunywa chai, hamna anayewacheka.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya. Hilo jumba la Dubai lenyewe, lilifunguliwa 2005 ndani ya duka kubwa la Mall of the Emirates, lina njia tano na ndefu yake ni mita 400, kwa hiyo hata nyeusi yake inaisha haraka, lakini goti halihesabu mita. Nikamwambia kama unataka kweli kujifunza na ni karibu na Afrika yetu nenda Lesotho, Afriski, iko juu zaidi ya mita 3,000, kuanzia Juni mpaka Agosti wana theluji, nyingine ya kuanguka nyingine wanatengeneza kwa mashine, na mlima wenyewe ni mdogo, unaanza na mahali pa kujifunzia. Au Oukaïmeden Moroko. Akasema ataanza na mkanda. Sijui kama ni kweli, kijana huyu alishawahi kuniambia ameacha kubeti.

Sasa Mhariri nije kwa la kwetu, maana hii barua nimeiandika kwa ajili ya hili pia.

Mwaka jana mwezi wa nne wale wa Austria walikuja Mbeya. Mkwe akasema baba na sisi tupeleke mlimani. Nikachagua Ngozi, kule juu kwenye ziwa lililolala ndani ya kreta, kila mgeni anataka kuliona. Tukafika na gari mpaka gari ilipogoma, tukampata mtu wa kutuongoza, simtaji maana kosa ni letu wote, nikamuuliza ni ngumu? "Rahisi tu mzee, dakika 45 mmefika." Mkwe akaniuliza kwa sauti ya chini, rahisi ni bluu au nyekundu? Nikacheka. Mwezi wa nne huo, masika yamekolea. Udongo unateleza kama sabuni ya mche, mizizi, mianzi imelala njiani, na kile kipande cha mwisho kabla ya ukingo unapanda kwa mikono, unashika mti huu unaachia ule. Mke wangu ana shida ya magoti yote mawili, ana viatu vya kanisani vya raba. Tulitumia masaa mawili na nusu kupanda na ukungu umefunika ziwa lote, tukapiga picha na weupe. Kushuka ndo balaa, alikaa chini akawa anateleza kwa makalio na mjukuu nyuma yake anamwambia "bibi pitsa!" Giza lilitukuta kwenye mashamba ya viazi.

Mkwe hakulalamika, ila usiku akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu: kule kwetu mlima una theluji na hatari zote na mgeni asiyejua lugha anajua pa kupita, hapa mmezaliwa chini ya milima, mbona hakuna hata kibao?

Ni kweli hakuna, au kama kipo kinasema karibu na namba ya simu. Milima yetu kila mtu anaipima kwa mguu wa anayemuongoza, na mguu wa kijana wa Isongole anayepanda mara nne kwa wiki siyo mguu wa mama wa miaka sitini. Nikikaa na kalamu mimi ningepanga hivi, kwa mguu wangu na magoti ya mke wangu. Daraja la Mungu pale mto Kiwira ni kijani, unashuka garini unaona unanunua ndizi unarudi. Kitulo nyanda za juu ni bluu, tambarare na majani, hewa nyembamba tu maana uko juu ya mita 2,500, watoto wanakimbia, shida yake ni baridi na barabara. Loleza hapa juu ya mji naipa nyekundu, wengi wanaidharau kwa sababu wanaiona kila siku kutoka madirishani, ila ina mita zaidi ya 2,600 na unaipanda uso kwa uso bila kuzunguka. Mbeya Peak nyekundu inayoelekea weusi. Rungwe ni nyeusi, haina mjadala, karibu mita 2,960, msitu mnene, siku nzima, asiyetoka alfajiri atarudi na tochi. Na Ngozi ni bluu mwezi wa tisa na nyekundu mwezi wa nne, iandikwe hivyo hivyo kwenye kibao, rangi mbili. Mtu wa Rungwe anaweza kubishana na mimi, abishane, ndo ninachotaka, wakae watu wanaozipanda wazipime.

Haihitaji fedha ya mradi. Pale njia inapoanza kibao kimoja, rangi, kilomita, mita za kupanda, masaa ya kwenda na kurudi kwa mtu mzima siyo kwa muongozaji, na mstari mmoja kuhusu masika. Kisha kwenye kila njia panda jiwe lenye rangi, kubwa, la kuonekana hata kwenye ukungu na hata kwa mtu anayeangalia vidole vyake vya miguu. Na wale vijana wanaoongoza wageni kabla hawajapokea hela wamuulize mtu maswali yale ya dukani: una umri gani, ulipanda mlima lini mara ya mwisho, magoti yakoje. Na mtu ajibu kweli. Mimi nikiulizwa sasa hivi najibu moja.

Wajukuu wanarudi mwezi wa saba. Yule mdogo juzi kwenye simu kaniuliza, "babu safari hii kuna bluu?" Nikamwambia ipo, Kitulo, tutalala Makete na asubuhi mapema majani yote yatakuwa meupe kwa umande ulioganda, ukikanyaga yanalia. Akauliza yanateleza? Nikamwambia kidogo.

Rangi ya bluu ninayo, imebaki nusu kopo nilipopaka geti. Anayehusika na kutoa ruhusa ya kupaka mawe kule Ngozi aandike tu hapa hapa gazetini nitaona, nyekundu nitanunua mwenyewe.

Ndaga fijo,

Dereva mstaafu,
Uyole, Mbeya.